Mbuga Isiyowahi Kuwa na Mtu

Naomba nianze kwa kuisifu Serikali ya Jamhuri ya Ustawi, maana ndivyo tulivyofundishwa kuanza kila barua wizarani, na mkono wangu umeshazoea. Nilikuwa karani katika Wizara ya Mandhari na Wageni, ghorofa ya tatu, meza ya karibu na choo. Kazi yangu ilikuwa kutunza vitabu vya kanuni. Tulikuwa na kanuni nyingi sana. Ipo iliyoeleza rangi ya soksi za dereva wa Waziri, na ipo iliyomkataza twiga kuchungulia nje ya mpaka wa mbuga bila kibali. Nilizisoma zote kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyezisoma, na kwa sababu mchana wa ofisini ni mrefu.

Mwaka ule Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Daktari Bonifasi Ngelangela (alitunukiwa shahada mbili za heshima na hakutaka hata moja ijisikie vibaya), aligundua kwamba wananchi wa Ustawi hawaendi kulala kwenye kambi za kifahari mbugani. Jambo hilo lilimuumiza. Alisema redioni kuwa wananchi wamepungukiwa uzalendo, wanapenda mno kulala nyumbani kwao. Ikaanzishwa bahati nasibu ya taifa. Unanunua pakiti ya majani ya chai, unakuta kuponi ndani, unaandika jina lako, unaituma. Mshindi mmoja angekaa siku tatu katika Kambi ya Kimya Kikuu, ndani ya mbuga binafsi ya Nyanda Takatifu. Hata Waziri mwenyewe alikuwa hajalala huko zaidi ya mara kumi na moja.

Mshindi alishapangwa, naye alikuwa shemeji wa Waziri. Kuponi zake zilijaza sanduku karibu lote. Kwa bahati mbaya mtangazaji wa televisheni aliyepewa heshima ya kuchota hakuambiwa. Akazamisha mkono mpaka begani, akatoa karatasi iliyokunjamana kutoka chini kabisa, akaisoma mbele ya taifa zima: "Sikitu Malongo, Kijiji cha Maendeleo Nambari Saba!"

Ukumbi ukashangilia. Shemeji wa Waziri alikuwa ameshavaa kofia ya safari.

Mimi nikateuliwa kumsindikiza mshindi, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee wizarani ambaye kutokuwapo kwake kusingesimamisha kazi yoyote.

Kijiji cha Maendeleo Nambari Saba kiko ubavuni mwa mbuga, nje ya uzio. Ukisimama mlangoni kwa Bi Sikitu unaiona bendera ya kambi ikipepea. Nilimwambia dereva kwamba tungeweza kutembea, tungefika kabla ya chakula cha mchana. Akanionyesha mwongozo: mgeni wa kambi sharti awasili kwa ndege. Basi tukamchukua Bi Sikitu, tukasafiri kwa gari muda wa saa tisa mpaka mji mkuu, akalala hotelini, na asubuhi tukapanda kindege cha watu sita kumrudisha alikotoka.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mrefu, mwembamba, amevaa kitenge na raba nyeupe za kuazima. Mzigo wake ulikuwa mmoja, umefungwa kwenye khanga, na hakukubali kuniachia niubebe. Muda wote angani alitazama chini. Tulipokaribia kutua akanigusa bega.

"Karani, kile pale si kijiji chetu?"

"Ndicho, mama."

"Nilidhani hivyo. Yule mbuzi kapanda tena juu ya paa langu."

Kambini tulipokewa na meneja, Bwana Rikadi, mtu wa ng'ambo aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukiongea kama anayehutubia bunge. Alitukabidhi vitambaa vya baridi vyenye harufu ya mchaichai, akainama. "Karibu, mama mheshimiwa! Tafadhali jihisi kana kwamba umo nyumbani kwako."

"Ahsante," alisema Bi Sikitu, huku akitazama huku na huku. "Nimeshajihisi."

Kila mgeni pale hupewa mwongozaji wake. Wetu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevishwa shanga kutoka shingoni hadi kiunoni, na kifuani ana kibao cha shaba kilichoandikwa Roho ya Nyika. Roho ya Nyika alipomwona Bi Sikitu alishtuka, akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, Kamaliza. Umekonda."

Meneja akageuka. "Mnafahamiana?"

"La, bwana," alisema Kamaliza upesi. "Ni desturi ya kale ya kabila letu. Kila mgeni tunamwita mama mkubwa."

Bwana Rikadi alifurahi, akatoa kidaftari akaiandika.

Tukatembezwa. Kamaliza alitangulia, na kila baada ya hatua chache alisimama na kutamka maneno aliyokaririshwa. "Ardhi mnayoiona haijawahi kukanyagwa na mguu wa mwanadamu tangu kuumbwa kwa dunia."

"Kamaliza," alisema Bi Sikitu, "nani alikukata kitovu?"

"Mama mkubwa, nakuomba. Nimepandishwa cheo juzi tu."

Tulipita ua wa minyaa uliokuwa na kibao: Mmea wa porini unaoota kwa mstari ulionyooka. Wanasayansi bado wanastaajabu. Bi Sikitu aliniambia kuwa aliupanda yeye, mwaka wa mvua nyingi, ili ng'ombe wa jirani wasiingie kwenye mtama. Tulipita bwawa ambalo tembo hunywa na wageni hupiga picha. Kibao chake kilisema bwawa hilo lilichimbwa na kimondo. Hapo Bi Sikitu alilitazama tu. Kisha tukafika kwenye hema lake, lenye kitanda cha kulala watu watano na bafu la marumaru katikati ya chumba. Alizunguka bafu lile mara mbili. Akachutama, akaweka kiganja sakafuni.

"Hapa palikuwa na mafiga yangu," alisema. "Wamenijengea bafu jikoni."

Hapo sina budi kueleza jinsi mbuga ile ilivyopata kuwa tupu, kwa kuwa faili lake nililitunza mimi.

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, Serikali ilituma Tume kuhakikisha kwamba eneo lile halina watu. Mwenyekiti wa Tume alifika, hakutaka kushuka garini kwa sababu ya vumbi, akashusha kioo na kumuuliza mwanamke wa kwanza aliyemwona: "Nani anaishi hapa?" Mwanamke akajibu kwa adabu: "Sikitu." Mwenyekiti akaandika kwenye ripoti kwamba Tume iliuliza kama eneo lina mtu, nayo ikajibiwa waziwazi kuwa si kitu. Kuhusu kaya nyingine mia na zaidi zilizoonekana nyuma yake, ripoti ilieleza kuwa hao walikuwa wapita njia ambao wamekuwa wakipita kwa miaka sitini. Wapita njia wakapakiwa kwenye malori wamalizie safari yao, na kampuni ya ng'ambo ikakabidhiwa ardhi ikiwa safi.

Jioni ile, tukiwa tumekaa barazani mwa hema, Bi Sikitu alitoa karatasi kutoka kwenye kitenge chake akanipa. Ilikuwa barua kutoka wizarani kwetu. Yeye alikuwa ameomba aruhusiwe kuingia mara moja kwa mwaka kulifanyia usafi kaburi la mumewe, Mzee Malongo, aliyezikwa miaka miwili kabla ya malori kuja. Jibu lilisema: Kwa kuwa katika eneo tajwa hapajawahi kuishi mtu, hakuna mtu anayeweza kuwa alifia hapo. Unashauriwa kukagua kumbukumbu zako.

Barua ile niliipiga chapa mimi, nikamwambia hivyo. Nakumbuka mkuu wangu alinisifu kwa kupanga aya vizuri.

"Imeandikwa vizuri sana," alisema Bi Sikitu. "Nimewapa watu wengi waisome, hakuna aliyeona kosa hata la herufi."

Nikamuuliza kama ndiyo sababu ya kuponi.

"Miaka saba nimeandika barua. Nikaona hawa hawamtaki mwenye kaburi, wanamtaka mgeni. Nimekunywa chai, karani, mpaka moyo ukawa unadunda kama mashine ya kusaga."

Siku ya pili alasiri, kama ilivyo ratiba ya kambi, wageni walipelekwa mahali panapoitwa Kilima cha Machweo, wakanywe vinywaji na kulitazama jua. Palikuwa na mwinuko mdogo wa mawe yaliyopangwa, na juu yake mawe bapa yaliyofaa kuwekea glasi. Siku hiyo wageni wengine walikuwa wawili tu, Bwana Anselm na mkewe, Bibi Greta, wazee wa makamo, wapole, wenye kofia za kufanana. Bibi Greta alikuwa ameweka glasi yake juu ya jiwe la mwisho.

Bi Sikitu alifika, akasimama. Alifungua khanga yake. Ndani kulikuwa na jembe bila mpini na ufagio wa chelewa. Akapiga magoti akaanza kung'oa nyasi kati ya mawe. Alipofika kwenye glasi alisema, bila ukali, "Kamaliza, mwambie mama huyu aondoe kikombe chake. Amekiweka kichwani kwa baba yako mkubwa."

Kamaliza akawageukia wageni na kusema kwa lugha yao. Lugha ile naielewa kidogo. Alisema: "Anasema machweo ya leo ni mazuri."

Wageni wakatabasamu, wakaitikia kwa vichwa.

Bi Sikitu aliwatazama, halafu akamtazama yeye. "Hujawaambia. Mtu akiambiwa hivyo hatabasamu."

"Mama mkubwa, wataniachisha."

"Sikuzuii. Nakuuliza tu. Ulipokuwa na surua, nani alikubeba mgongoni mpaka zahanati?"

Nilimwona Kamaliza akishika shanga zake kama anayetaka kuzipanga vizuri, kisha akazivua, kamba moja baada ya nyingine, akaziweka majanini. Akasema, polepole, na safari hii nilielewa kila neno: "Samahani. Hapa si kilima. Hapa amelala baba yangu mkubwa. Lile bwawa la tembo ni kisima, alikichimba yeye, na mimi nilikuwa navuta ndoo za udongo. Mimi nilizaliwa pale lilipo jiko la kambi. Na huyu ni mkewe. Anaomba uondoe glasi."

Bwana Anselm aliruka kutoka kitini kama aliyekalia siafu. Bibi Greta aliichukua glasi yake, akaikumbatia kifuani, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akaiweka chini mbali, akapiga magoti upande wa pili wa mawe, na kuanza naye kung'oa nyasi.

"Usivute juu hivyo," Bi Sikitu alimwambia kwa Kiswahili. "Zinakatika. Shika chini, kwenye shina."

Bibi Greta hakuhitaji kutafsiriwa.

Asubuhi ya tatu kambi nzima ilikuwa imevurugika. Bwana Anselm na mkewe walikataa kwenda kutazama simba, wakataka kuonyeshwa mahali palipokuwa na nyumba nyingine. Kamaliza alinyang'anywa kibao chake na kuambiwa asubiri lori la kumtoa. Saa nne helikopta ikatua, akashuka Waziri na wapiga picha wanane waliokuja kupiga picha za mwananchi mwenye furaha.

Kikao kilifanyika katika hema la kulia chakula. Niliitwa niandike kumbukumbu.

"Hali ni tete," alisema Waziri huku akipaka siagi mkate. "Tukikubali ni kaburi, basi palikuwa na mtu. Tukikataa, wageni wameshapiga picha."

"Je, haiwezekani ikawa ni kaburi la tembo?" aliuliza Bwana Rikadi.

"Tembo wangu hawapangi mawe, Bwana Rikadi. Nawafahamu." Waziri alitafuna kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Ghafla akayafumbua. "Niambieni, mahali pasipo na mtu yeyote, ni nani anayeruhusiwa kuwapo?"

Bwana Rikadi alifungua kidaftari chake.

"Mlinzi! Mlinzi si mkazi. Mlinzi yuko kazini!"

Bwana Rikadi alisimama akampa mkono. Nikaamriwa kupiga chapa hati ya kumwajiri Mzee Malongo kuwa mlinzi wa mbuga, kwa miaka thelathini na minane, hadi siku ya kifo chake. Niliipiga. Aya zilikaa vizuri.

Sherehe ikafanyika palepale penye kaburi. Waziri alivua kofia, wapiga picha wakajipanga.

"Ndugu wageni, ndugu waandishi, na ninyi wanyama mnaonisikia!" alianza. "Kabla mbuga hii haijakuwapo, kabla hata Serikali haijafikiria kuwa nayo, alikuwapo mtumishi mmoja shujaa. Kwa miaka thelathini na minane aliishi hapa, akilima hapa, akizaa hapa, kwa lengo moja tu: kuhakikisha kwamba hakuna anayeishi hapa!"

Wapiga picha walipiga makofi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika kamera.

Kilichobaki ni Bi Sikitu kutia saini kuwa mumewe alikuwa mtumishi, kisha apigwe picha na kurudishwa kwa ndege. Akaletewa hati na kalamu. Alisomewa, akakunja uso.

"Mume wangu hakuwahi kulinda hata kuku," alisema. "Alikuwa mkulima. Na kuamka kwake kulikuwa kwa shida." Akageuka akanitazama mimi. "Karani, nisaini uongo huu?"

Pale kichwani, katikati ya soksi za dereva na shingo ya twiga, nilikuwa nimekumbuka kitu.

"Saini, mama," nilisema.

"Wewe ndiye uliyeniandikia ile barua."

"Ni mimi, mama. Nakuomba samahani kwa barua ile. Lakini saini."

Alinitazama kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko miaka yangu yote ya utumishi. Waziri akakohoa. Bi Sikitu akashika kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa kubwa, moja moja.

Wino ulipokauka nilinyoosha mkono. Niliomba, kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu, nitamke kanuni moja mbele ya waandishi. Waziri, aliyependa sana kupigwa picha akisikiliza, akaniruhusu.

"Kanuni za Utumishi wa Mbuga, namba arobaini na moja," nilisema, nikiitoa kichwani neno kwa neno. "Mjane wa mtumishi atakuwa na haki ya kuishi katika kituo cha mwisho cha kazi cha marehemu mumewe, maisha yake yote, atalima bustani kwa mahitaji yake, na ndugu zake hawatazuiwa kumtembelea."

Kanuni hiyo ilitungwa na waziri aliyetangulia, kwa ajili ya shangazi yake aliyekataa kuhama nyumba ya Serikali. Hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Bwana Rikadi alimtazama Waziri. Waziri alitazama kamera nane, na nyuma ya kamera akamwona Bibi Greta akifuta machozi na kuanza kushangilia peke yake. Kamaliza akamwambia Bi Sikitu kwa kunong'ona maana yake, akairudia mara ya pili kwa kuwa ya kwanza hakuamini. Bi Sikitu alikaa chini pale pale kando ya mawe, akafunika uso kwa khanga. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa akifanya vyote.

"Serikali hii," alisema Waziri hatimaye, kwa tabasamu lililochukua muda kufika, "inafuata kanuni!"

Jumatatu nilihamishiwa kituo cha kuhesabu kasa, katika wilaya isiyo na bahari. Sikulalamika. Kamaliza alirudishiwa kazi wiki hiyohiyo, maana Bwana Anselm na mkewe waliandika habari zake kwao, na wageni wakaanza kumtaka yeye kwa jina lake.

Bi Sikitu alijengewa nyumba kando ya kaburi. Kabla ya mwezi kwisha, wajane wote wa Kijiji Nambari Saba walikuwa wamepeleka maombi wizarani wakieleza kuwa waume zao nao walikuwa walinzi. Wanaume walieleza kuwa ni yatima wa walinzi. Wizara isingeweza kumkatalia mmoja bila kumkana yule wa kwanza, ambaye picha yake na Waziri ilishatundikwa uwanja wa ndege. Maombi yakakubaliwa yote. Waziri alikwenda kwenye mkutano wa kimataifa akatangaza kwa fahari kwamba hakuna mahali patupu duniani palipowahi kulindwa na watu wengi kiasi kile, akatunukiwa shahada ya tatu.

Nilipopata likizo nilikwenda kuwatembelea. Nilikuta moshi wa majiko, mtama umefika kiunoni, wanawake wakitwanga, kuku wakikimbizana. Gari la wageni likasimama barabarani. Kamaliza, amevaa shati lake la kawaida, alisimama mbele na kuwaeleza kwa uso mkavu kabisa kwamba mbuga hii haina wakazi.

"Na hawa?" aliuliza mgeni mmoja.

"Hawa wako kazini."

Mgeni akaangaza macho, akamwona Bi Sikitu amejinyoosha kwenye mkeka mlangoni kwake, saa sita mchana, mdomo wazi, akikoroma.

"Hata yule?"

"Yule ndiye mkuu wa zamu," alisema Kamaliza. "Tafadhali tupunguze sauti."